Mashua Iliyosimama kwa Moshi

Juzi nilishuka bandarini Goma kumsindikiza mjukuu wangu anayekwenda Bukavu. Chombo kilinguruma, na kabla sijamaliza kupunga mkono kilikuwa kimeshapotea. Nikabaki nikitokwa machozi. Watu walidhani namlilia mjukuu, lakini wewe nitakueleza ukweli: nililia mashua kuukuu ya mbao.

Miaka ile ya hamsini, mashua hiyo ndiyo iliyotupeleka mimi na mama kisiwani Idjwi kwa Koko, mama yake mzazi. Ilinuka lami na ndizi mbivu, mbuzi walilia chini ya mabenchi, na ilivuja ajabu. Sisi watoto tulipewa makopo tuchote maji tuyarudishe ziwani. Ukilalamika kwamba haifiki, nahodha alicheka: "Kawia ufike!"

Kwa Koko hapakuwa na gati, ni ufuko mdogo tu kati ya mawe. Aliyetaka mashua isimame aliwasha moto, akautupia majani mabichi mpaka moshi mweupe ukapanda. Koko aliwasha kila siku ya mashua, tuwemo tusiwemo. Tusipokuwemo, nahodha aligeuza vilevile, akampa salamu zetu, akatuletea viazi vitamu vyake.

Kisha ikaja meli ya chuma, nzuri, yenye saa zake. Mashua yetu ikapasuliwa kuni. Hatukuambiwa lolote zaidi. Tukapanda meli kama kawaida. Tulipokaribia kwa Koko, moshi ulikuwa umeshapanda, lakini meli haikugeuka. Mama akamkimbilia nahodha, yule yule wetu wa zamani.

"Papa, geuza! Mama yangu iko pale!"

"Mama, unisamehe. Hii bato ya chuma itavunjikia ku mawe. Na ku Bukavu banatungojea na saa."

Koko alisimama juu ya jiwe akipunga kitenge. Mama naye alipunga, akaita mpaka sauti ikamkauka. Injini ilimeza kila neno.

Kabla mama hajapata mtumbwi wa kutuvusha, Koko alishazikwa. Habari tulizipata kwa jirani yake. Leo mimi ni mzee kuliko Koko alivyokuwa, ufuko ule hakuna chombo kinachoujua, na maneno ya jirani yule bado yananichoma:

"Mpaka mwisho alikuwa anauliza: mutoto wangu alinipungia mukono, akapita. Nilimukosea nini?"