Wimbo Nilioudondosha

Siku tulipohama Bukavu kuja Goma, nilidondosha katoni la Papa. Ndani mlikuwa na santuri ndogo za bendi ya roki ya Kiingereza aliyoishabikia, zile zenye wimbo mmoja kila upande. Zilivunjika zote, na hakunigombeza, jambo lililonitesa zaidi.

Tangu nimalize chuo ninazikusanya upya, ingawa sina hata gramafoni. Mwezi uliopita niliipata ile aliyoipenda kuliko zote, kwenye soko la Birere hapa Goma, chini ya rundo la viatu. Nikaazima gramafoni kwa jirani. Siku nzima niliwaza: huenda imepinda, huenda itamkumbusha kosa langu tu.

Papa alisikiliza, akatikisa kichwa.

“Mutoto, hii si ile yetu.”

Nilisoma lebo mara tatu. Ilikuwa yenyewe. Mama akachungulia kutoka jikoni, akawasikiliza wanamuziki.

“Hawa batu banakimbilia wapi? Basubiri kidogo.”

Hapo nikaelewa. Kule Bukavu umeme wa mtaa wetu ulikuwa dhaifu, na gramafoni yetu ilizunguka kwa uchovu. Hapa tuna laini mpya ya umeme. Wimbo ule sisi tuliujua kwa mwendo wa polepole tu. Nikasogeza kitufe cha kasi kutoka 45 hadi 33, na sauti ya mwimbaji ikashuka, ikawa nzito.

Papa akafumba macho, akaimba ubeti mzima kwa Kiingereza ambacho Mwingereza asingekielewa. Mama akaitikia jikoni, bila kuacha kutwanga majani ya muhogo ya sombe.