Sikio la Serikali na Mzee wa Mbuzi

Mwanamke huyu kazi yake ni kusikiliza simu za watu kwa niaba ya serikali, na kwa kazi hiyo nionyesheni wa kumfikia! Kutwa kucha vidole viwili vimebana hedifoni sikioni, mkono wa pili unachezea kifungo cha shati mpaka uzi unalegea. Mtu akipiga chafya huko aliko, yeye anauambia ukuta, "Pole, baba." Mumewe humtania kwamba akipigiwa simu nyumbani huguna tu, kama aliyemeza kufuli.

Safari hii alipewa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anayeshukiwa kuzungumza na dada yake kwa mafumbo.

"Huyo mbuzi wanayemtaja ni bunduki," mkuu wake alishikilia.

"Mkuu, huyo mbuzi ni mbuzi, tena anaharisha."

Mkuu hakucheka.

Kisha mzee, ambaye kikohozi kilikuwa kinamtesa, akapotea hewani. Dada yake alipiga jana, akapiga na leo, simu ikaita mpaka ikakatika. Mwanamke akakosa raha. Msikilizaji akimpigia mtu anayemchunguza, kazi hana. Hilo hata mfagizi analijua. Mkuu alipotoka tu, akavuta simu ya mezani, akabonyeza namba anayoijua kwa kichwa. Ikapokelewa. Yeye sasa, neno halitoki!

"Ni wewe?" mzee akauliza, sauti inakwaruza. "Hiyo pumzi naijua, kila siku mimi na dada tunaongea ukiwemo. Ndiyo kwanza nimetoka hospitali, mwanangu, nimepata nafuu. Haya, kata simu upesi, wasije wakakufukuza."