Daktari Aliyeshindwa na Swali Moja

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisa, vikaniuma mpaka saa nne nikavivua chini ya meza. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa tu. Sista mkuu wa kliniki yetu kule Marani alinionyesha kiti, akasema, "Wewe ni mgonjwa."

"Hilo nalijua, Sista. Si dawa ni wewe unanipa?"

"Leo ni mgonjwa wa kufundishia. Daktari mpya atakuuliza, nawe umjibu vile watu hujibu huko nje. Mdanganye kidogo."

Basi ndivyo mimi, niliyeacha shule darasa la tatu nikaenda kuchuma chai, nilivyokuja kuwafundisha madaktari kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Kudanganya nilijua sana. Mwanzoni mwa ugonjwa wangu nilimwambia kila daktari kwamba nameza dawa, na chupa iko nyumbani imezikwa ndani ya gunia la wimbi.

Nikapelekwa Nyamarambe, halafu Nyansiongo. Kule maziwa ni mengi, nikanenepa mpaka sare ikakataa kufunga. Lakini nilikuwa nasema habari ya kazi. Daktari mpya alifundishwa kuhesabu vidonge vilivyobaki, na kusoma karatasi ya wingi wa virusi. Virusi vikishuka, dawa inafanya kazi. Vikipanda, ama vimeizoea dawa, ama mtu hamezi inavyotakiwa. Hapo lazima uulize kwanza, maana ukibadilisha dawa ovyo, za kubadilishia ni chache na zinaisha.

Kulikuwa na kijana mmoja, Daktari Ombati, mtoto wa huku huku kwetu. Mgonjwa wake, nitamwita Mama Kerubo, virusi vilipanda mara mbili. Ombati akashika kalamu abadilishe dawa.

"Umemuuliza mambo ya nyumbani?" sista msimamizi akamwuliza. "Mume je?"

"Sista, yule ni rika la mama yangu."

Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kutotaja mambo ya chumbani mbele ya mtu aliye kama mzazi wako. Madaktari waliotoka mbali waliuliza tu bila shida. Waliokwama ni watoto wetu wenyewe.

"Umefungua maiti chuoni," sista akasema, "halafu unashindwa na swali moja! Mama huyu atarudi kesho. Ukikosea dawa, ni yeye atakufa, si wewe."

Nikamwita pembeni. "Na mzazi hakuna utani, ni kweli. Lakini na nyanya si upo? Basi mpandishe cheo. Mfanye nyanya yako."

Akafanya mazoezi kwangu. Mara ya kwanza aliuliza macho yakiwa juu.

"Unaniuliza mimi," nikamwambia, "au unauliza mabati?"

Kesho yake Mama Kerubo akaingia. Nilikuwa kwenye kiti changu cha pembeni.

"Karibu, magokoro," Ombati akasema. Ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Magokoro? Mimi? Meno yangu yote ninayo, wewe mtoto!"

"Haya, magokoro mwenye meno. Nani anakula dawa zangu pamoja na wewe?"

Mama akacheka, akacheka, halafu kicheko kikaisha. Akatazama mikono yake.

"Ni babu yako," akasema. "Nusu yangu, nusu yake. Nakata na kisu."

Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka kuonekana kwenye benchi letu. Kwa hivyo kidonge cha mmoja kilikuwa hakimtoshi hata mmoja wao. Ombati akaweka kalamu chini. Dawa hakubadilisha. Jumapili alimfuata mzee shambani, wakakaa kwenye migomba saa nzima. Sijui walisema nini, na sikuuliza.

Nilistaafu miguu ilipokataa. Siku hizi maswali yote yako kwenye kompyuta, na ni vizuri, hakuna linalosahaulika. Lakini kompyuta haijui umeona haya. Hilo bado ni lazima mtu amfundishe mwenzake, na nyinyi vijana msione aibu kufundishwa na mgonjwa.

Mimi bado naenda kuchukua dawa zangu. Mwezi jana niliwakuta Mama Kerubo na mzee wake kwenye benchi, kila mmoja na kadi yake, wanagombania nani aingie kwanza.

"Mimi ndiye mkubwa," mzee akasema.

"Na mimi ndiye nilianza," Mama Kerubo akamjibu, akasimama, akaingia.