Mama aliyeambiwa apunguze kula

Jumanne nilikuwa kwenye kituo cha afya kule Mutakura, nikisubiri kupimwa presha. Mama mmoja mnene alipanda mizani, na mzee aliyekaa kando yangu akasema kwa sauti, "Mama, punguza kula." Benchi zima tukacheka.

Mama akashuka kwenye mizani. Muuguzi akamuuliza taratibu, "Unakulaka mara ngapi?"

"Mara moja, mangaribi, giza likiingia."

"Na kazi?"

"Nashonaka. Nakaa kwa mashine kutwa nzima, usingizi kidogo. Mama yangu naye alikuwa hivi." Akafinya pindo la kitenge chake. "Tena kuna vidonge vya pumu. Watu walisema ndivyo vinaninenepesha, nikaviacha. Juzi nikakosa pumzi, watoto wakalia."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Kweli, vinaweza kuongeza uzito. Lakini usiviache peke yako. Leo daktari atakuona, atavipanga upya."

Mzee akasimama, akavua kofia. "Mama, unisamehe."

"Si kitu, muzee. Nimezoea."

Neno hilo la mwisho lilinitia aibu. Pale benchini hakuna aliyesomea udaktari, lakini sote tulikuwa tumeshamwandikia dawa, na ushauri wa watu kama sisi ulikaribia kumkata pumzi.