Mwaliko wa Herufi Zilizochakaa

Tangu mke wangu afariki, ninakula peke yangu. Jumapili moja nikaamua kuwaalika majirani wa mtaa wetu wa Kasenga. Kazi yangu ni kuchapa kwa kompyuta, basi nikajiona fundi: nikachagua herufi za kuiga mashine ya taipu ya zamani, zenye wino uliofifia. "Fika kwangu saa saba bila kukosa." Nikatia sahihi, nikapitisha karatasi chini ya milango yao.

Saa tisa samaki niliowapika wamepoa, viti vitupu. Ndipo akaja jirani yangu Mama Furaha, kadi ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu, mkononi.

"Papa, karatasi za kuitwa polisi ndizo ziko na maandiko ya hivi. Minye nilikukosea nini? Wengine wamekimbilia kijijini Kiringye."

Nikamvutia kiti. Akatazama samaki, kisha sahani.

"Kumbe weye ulitaka tu watu wa kula nao?"