Msusi na Kapiteni wa Angani

Msusi wa Bukoto huegemeza simu yake kwenye kopo la mafuta ya nywele atazame tamthilia ya chombo cha angani huku akisuka, na kila linalotokea huko angani, kichwa cha mteja hulipata kwanza. Chombo kikienda shwari, vidole vyake husuka taratibu kama anayembembeleza mtoto. Adui akitokea, nywele hukazwa mpaka nyusi za mteja zinapanda. Leo zimepanda za Kaltumi, anayemwoza dada yake kesho, na aliyeapa kutotazama upuuzi huo. "Tulia, dada," msusi anamwambia kwa lafudhi yake ya Bukavu, ingawa anayetetemeka ni yeye mwenyewe. Wiki iliyopita kapiteni alimezwa na nyota, naye akamlilia kama ndugu, akafunga saluni mapema. Sasa mlango wa chombo unafunguka, na kapiteni anaingia, koti limeungua, anaomba chai. Msusi anaachia nywele. Anapiga vigelegele, anazunguka kiti akicheza, chanuo limechomekwa kichwani, kisha anamchungulia muuza ndizi aliye nje ya mlango. "Amerudi, mama. Si nilikwambia?" Muuza ndizi, aliyekuja kumpa pole wiki ile, sasa anampa hongera.

Kipindi kinakwisha chombo kikiwaka moto. Msusi anamalizia mstari wa mwisho, analeta kioo. Kaltumi anageuza kichwa huku na huku, anautazama mstari ulionyooka kama rula.

"Huu umekwenda kombo," anasema. "Fumua, uanze upya. Na hicho kipindi kinachofuata, simu isogeze huku kwangu."