Mashine Moja ya Watu Wawili

Vumbi likipata moto lina harufu yake. Ichanganye na harufu ya plastiki kuukuu na ya dawa ya viatu vya jeshi, upate harufu ya chumba chetu cha mbele kule kambini Makindye, Kampala, katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Harufu hiyo ilitoka kwenye mashine ya gemu ya rangi ya kijivu ambayo baba alirudi nayo kutoka kazi ya nje ya nchi, pamoja na padi mbili za kuchezea na diski tano zilizofungwa kwa mpira. Baba alikuwa sajini, dereva wa malori, mtu wa maneno machache. Aliiweka mezani, akatutazama mimi na ndugu yangu, akasema, "Hii ni ya nyinyi wawili. Si ya mmoja. Nikisikia ugomvi, inarudi kwa lori." Kisha akaenda kuoga. Sisi ni mapacha. Kwetu Acholi pacha wa kiume aliyetangulia huitwa Opiyo, na wa kike aliyemfuata huitwa Acen. Basi jina langu lenyewe linamwambia kila mtu kwamba nilikuja wa pili, na huenda ndiyo sababu sijawahi kupenda kuambiwa nisubiri.

Mashine ile ilikuwa na ukaidi wake. Ukiiweka kama ilivyotengenezwa, ilikuwa inazungusha diski, inakoroma, kisha kioo cha televisheni kinabaki cheusi. Tulihangaika nayo siku nzima hadi mimi, kwa hasira tu, nikaigeuza chali. Ikasoma. Tangu hapo ilikaa juu chini, imelalia kanga ya mama iliyokunjwa mara nne, na hakuna mtu aliyeiona ajabu. Mchana, mama akiwa kwenye cherehani chumba cha ndani akirekebisha sare za askari, watoto wa safu yetu ya nyumba walivua ndala mlangoni na kujipanga mkekani. Aliyefungwa alitoa padi kwa mwenzake. Aliyesubiri alitazama, na katika kutazama alijifunza, kwa sababu huwezi kukaa nusu saa nyuma ya mtu anayecheza vizuri bila kuona vidole vyake vinafanya nini. Mimi nilikuwa hodari wa diski ya mpira. Nilijua kila timu ilikuwa na udhaifu gani, nikajua hata kipa yupi alidanganyika kwa mpira wa upande wa kushoto. Opiyo alipenda diski ya mbio za magari. Alikuwa akiinama na kila kona kama aliyeshika usukani wa lori la baba.

Likizo ile kapteni mmoja alihamia kwenye nyumba za juu kilimani, na mwanawe, Denis, wa rika letu, alikuja na mashine mbili, zote za kisasa kuliko yetu. Opiyo alikwenda kuziona siku ya kwanza, akarudi, akakaa mkekani bila kugusa padi. Siku ya pili Denis mwenyewe alishuka kwetu. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akaitazama mashine yetu iliyolala chali juu ya kanga, akacheka kidogo, bila hata ubaya. "Mtu wa gemu kweli lazima awe na mbili," akasema. "Kuna gemu hii inakubali, ile inakataa. Wewe mwenye moja unacheza nusu tu." Nilimwambia akae acheze. Akakaa, nikamfunga mabao sita. Akasema padi zetu ni mbovu, akaondoka, na nusu ya watoto wakaondoka naye.

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na sikuwalaumu wale watoto kwa kufuata kinyemi. Nilimlaumu Opiyo. Kila mchana alipanda kilimani, na kila jioni alirudi na habari ya gemu ambayo sisi hatungeweza kuicheza. Alianza kuionea haya mashine yetu. Mgeni akija, aliifunika kwa kitambaa. Nilimwuliza kama huko kilimani wanampa padi. Alisema wanampa, ila Denis ndiye anayeamua zamu. Nikauliza kama wasichana wanacheza. Akainama kuvua viatu. Baadaye nilisikia kutoka kwa wengine kwamba wasichana walikuwa wanaruhusiwa kutazama tu.

Siku moja, Alhamisi, nilirudi kutoka bombani na dumu la maji kichwani, nikakuta mezani kitu cheusi kinachong'aa. Kanga ya mama ilikuwa chini. Opiyo alisimama kando, amejipaka mafuta, na tabasamu lake halikutulia. Alikuwa amekwenda Nateete na Denis, kwenye duka la vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika, akabadilishana. Ametoa mashine yetu, padi zote mbili, diski zote tano na redio ndogo aliyopewa na mjomba, akapewa hiyo nyeusi, aina ileile ya mojawapo ya zile za Denis, na padi moja. Diski hapana. Denis ameahidi kumwazima. Baadaye, akasema, atatafuta njia ya kuikomboa ile ya zamani, na hapo tutakuwa na mbili, na hakuna mtu atakayetucheka.

Niliweka dumu chini polepole nisimwage maji. Sikumpiga, ingawa mkono ulitaka. "Uliniuliza?" nikasema. "Ungekataa," akasema. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma zaidi. Mama alitoka chumba cha ndani na sindano mdomoni, akaitazama meza, akaitoa sindano. Mama ni Mwislamu wa Arua aliyelelewa kwa Kiswahili cha chuo cha Kurani, na methali zake hakuzitafuta, zilikuja zenyewe. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akamwambia Opiyo. "Sasa ngojeeni baba yenu arudi." Baba alikuwa kazini Karamoja, na hakuna aliyejua angerudi lini. Jioni ile Opiyo alipanda kilimani kuomba diski. Alirudi mikono mitupu. Denis amesema diski zake hazitoki nje ya nyumba yao.

Asubuhi niliitia ile mashine nyeusi kwenye mfuko wa shule, nikamwambia mama kwamba nakwenda Nateete. Alinipa chapati mbili, akarudi kwenye cherehani. Sikumwita Opiyo. Nilishuka hadi Kibuye, nikashika barabara ya Ndeeba, na nilipofika kwenye viwanda vya mbao, misumeno ikilia na unga wa mbao ukinasa jasho la shingo, nikageuka na kumwona nyuma yangu, hatua kama ishirini, ameinamisha kichwa. Nilipunguza mwendo, naye akapunguza. Nikamwachia chapati moja juu ya gogo kando ya njia, nikaendelea.

Mwenye duka walimwita Hajji Salim. Alikuwa mzee mwembamba wa koo za wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, mwenye kofia nyeupe safi na Kiswahili laini kilichonifanya nione haya kufungua mdomo. Mashine yetu ilikuwa rafuni kati ya pasi na feni. Nilimwambia nimekuja kurudisha yake na kuchukua yetu. "Biashara imekwisha, binti yangu," akasema. "Yule kijana alikuja kwa miguu yake, tukakubaliana, tukapeana mikono. Mtu mzima harudi nyuma." Nilimwambia yule kijana si mtu mzima, ana miaka kumi na miwili kama mimi. Akasema basi aje baba. Nikasema baba yuko Karamoja. Akasema basi nimngojee. Nikaketi kwenye kizingiti cha duka lake, mfuko magotini, nikamngojea hapohapo.

Wateja waliniruka. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua taa alidhani nimefukuzwa nyumbani, akataka kunipa ndizi. Jua lilihama kutoka miguuni hadi mapajani. Hajji alikwenda kuswali Ijumaa, akarudi, akanikuta. Alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaifuta. "Nikwambie ukweli," akasema. "Chombo chenu hicho ni kibovu. Nimekijaribu jana mara tatu, hakisomi. Nitakifungua nitoe vyuma. Unagombania takataka."

Nilipaswa kunyamaza. Leo kila ninayemsimulia hunionyesha kosa hilo: ningenyamaza, angenipa bure. Lakini sikuweza kuisikia ikiitwa hivyo. Nilisimama, nikaomba niiguse. Nikaiunganisha na televisheni moja ya dukani, nikaweka diski yetu ya mpira, nikaigeuza chali juu ya kiganja changu cha kushoto, nikawasha. Ikakoroma, kisha uwanja wa kijani ukafunguka kwenye kioo, na watu watatu waliokuwa wakichagua pasi wakageuka kutazama. Hajji alisogea karibu. "Ungekaa kimya ningekupa kama takataka," akasema. "Sasa umenionyesha kwamba nina mali."

"Mimi sikuja kuchukua takataka," nikasema. Kiswahili safi kilinitoroka. "Nilikuja kuchukua kitu yetu. Baba alitupa sisi wawili. Huyu ndugu yangu aliuza na sehemu yangu, na mimi sikuuza."

Hajji akaangalia nje ya mlango, ambako Opiyo alikuwa amesimama tangu asubuhi chini ya paa la kinyozi wa ng'ambo. Akamwita. Opiyo akavuka barabara na kusimama mbele ya meza. "Dada yako anasema chombo hiki mlipewa wote wawili. Ni kweli?" Nilimtazama ndugu yangu. Angeweza kusema ni chake peke yake. Mashine nyeusi ingebaki kwetu, aibu yake mbele ya Denis ingepungua, na neno langu lingekuwa si kitu, kwa kuwa yeye alikuwa mvulana na yeye ndiye aliyepeana mkono na mzee. "Ni kweli," akasema. "Ulimwuliza kabla ya kuuza?" "Hapana, Hajji. Nilijua atakataa."

Mzee aliguna. "Kila alasiri nafundisha watoto chuoni, hapo nyuma ya msikiti," akasema, akimwambia Opiyo na kuniangalia mimi, "kwamba mshirika hauzi fungu la mwenzake bila ridhaa yake. Nikishikilia chombo hiki leo, kesho nitawasomesha nini?" Akaizima mashine, akazungusha waya taratibu, akaniwekea mezani na padi zake, na redio ya Opiyo juu yake, nami nikamkabidhi ile nyeusi. Diski zilikuwa nne. Ile ya magari alikuwa ameshaiuza asubuhi ileile, kabla sijafika, na hilo halikuwa na dawa. Opiyo akaichukua mashine, akaipakata kifuani, akaibeba njia yote hadi Makindye bila kunipa zamu.

Sitadanganya kwamba watoto wote walirudi mkekani. Wengine walirudi, wengine walibaki kilimani hadi kapteni alipohamishwa. Denis hakuomba radhi, wala sikumwomba aombe. Baba alirudi karibu na Krismasi, akasimuliwa yote na mama, akauliza swali moja tu: nani aliibeba wakati wa kurudi? Tulipomwambia, akaitika kwa kichwa na kuendelea kula. Mashine iliishi miaka miwili zaidi, kisha radi ikapiga nguzo ya umeme ya kambi na kuunguza kila kilichokuwa kimechomekwa.

Leo nakaa Kyambogo, na kazi yangu ni kutunza maabara ya shule. Mwalimu mmoja kijana wa shule hiyo ana mashine tatu za gemu na anadai hiyo ndiyo idadi ya chini kabisa. Opiyo, ambaye sasa anatengeneza simu na ana familia yake Makindye, anazo mbili, zimesimama ukutani kama mabwana harusi. Anacheza amevaa spika masikioni, na watu wa mtandaoni asiowajua majina, na mtoto wake akikaa nyuma haoni zamu inakuja lini kwa sababu hakuna zamu. Siwezi kusema zamani ilikuwa pepo. Picha za sasa ni nzuri mno. Mvua ya gemu inalowesha kuliko mvua ya Kampala. Wala siwezi kukana hoja kubwa ya Opiyo, ambayo ni ileile ya Denis: kampuni hii inafungia gemu zake ndani, na ile inafungia zake, anayetaka zote hana budi kununua mara mbili. Hilo ni kweli. Ila kweli hiyo inanieleza shida ya wauzaji, hainielezi haja yangu. Mimi nina moja, na ninaijua kama nilivyowajua wale makipa.

Mwezi uliopita tulikutana kwake kwa Idi, maana nyumba yetu husherehekea Idi na Krismasi. Alinionyesha gemu moja mpya ya mbio za magari milimani, na nakiri roho yangu iliitamani. Niliuliza kama inaingia kwenye mashine yangu. Hapana, akasema, huku akifurahi waziwazi. Imetengenezwa kwa hii tu, na mwaka huu, alinitania, mimi sitaponyoka, lazima ninunue ya pili. Mkewe na wanangu walikuwa wakisikiliza. Nilirudisha padi mikononi mwake.

"Sinunui," nikamwambia. "Walioitengeneza wameamua isiingie kwangu. Basi wamemkosa mchezaji mmoja, tena mzuri."